Pikipiki ya Kuvukia Mito: Mwongozo wa Kununua kwa Anayeanzia Safari Dar es Salaam

Kutoka Dar es Salaam kwenda Songea ipo barabara ya lami inayopita Iringa, Makambako na Njombe, na kwa barabara hiyo pikipiki yoyote iliyo nzima itakufikisha. Mwongozo huu ni wa anayetaka njia ya pili: kukata kusini pale Mikumi, kupita Kidatu hadi Ifakara, kuvuka Kilombero, kuendelea Lupiro, Malinyi na Kilosa kwa Mpepo, kisha kuingia porini kuelekea Londo hadi kutokea Lumecha, karibu na Songea. Mto Kilombero wenyewe una daraja la mita 384 lililochukua nafasi ya pantoni, lakini mbele ya hapo njia ni ya udongo na mchanga, hupita kwenye miombo kwa masafa marefu bila makazi, na hukatwa na mito na vijito ambavyo baadhi havina daraja la kutegemewa. Mvua za huko huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi karibu Mei, hivyo safari ya kiungwana ni ya Juni hadi Oktoba. Hata katika miezi hiyo maji utayakuta, na pikipiki utakayonunua hapa mjini ndiyo itakayoamua kama utayavuka au utageuza.

Wanunuzi wengi wanaofika Kariakoo na safari ya namna hii kichwani huanza kwa kuulizia nguvu ya injini. Kwa maoni yangu swali hilo lije mwisho. Porini mwendo wa kawaida ni kilomita 20 au 30 kwa saa, na katika mwendo huo injini ya 125cc au 150cc haina upungufu wowote. Mambo mawili yanayostahili kuulizwa kwanza ni uzito wa pikipiki na upatikanaji wa vipuri vyake mbali na mjini, na kwa mambo hayo mawili ndiyo nimezipanga pikipiki zilizomo humu.

Uzito una maana ambayo dukani haionekani. Mahali ambapo maji yamefika kiunoni pikipiki haiendeshwi wala haisukumwi. Hupakiwa kwenye mtumbwi. Mwenye mtumbwi huusogeza mpaka ubavu wake ulale ukingoni, watu wawili hunyanyua gurudumu la mbele na kulitia ndani, la nyuma hufuata, na pikipiki husimamishwa kwa urefu wa chombo huku mwenyewe amechuchumaa pembeni yake, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umebana breki. Mtumbwi wa gogo ni mwembamba, na pikipiki ikiinama kidogo nao huinama. Pikipiki ya kilo 120 watu wawili wazima wanaiweza. Ya kilo 140 itataka watu watatu. Inayozidi kilo 200 mwenye mtumbwi ataitazama tu na kutikisa kichwa, na atakuwa na haki. Ndiyo maana jaribio la kwanza ninalopendekeza dukani ni kumwomba kijana wa duka ashike upande mmoja nawe ushike mwingine, muinyanyue hadi magurudumu yote mawili yaache sakafu. Msipoweza kwenye sakafu kavu ya saruji, kwenye tope la ukingoni hamtaweza.

Jambo linalofuata ni mahali injini inapovutia hewa. Injini haifi kwa kulowa. Hufa kwa kuvuta maji. Maji hayabanwi kama hewa, hivyo pistoni ikipanda na kuyakuta ndani ya silinda, konrodi, ule mkono wa chuma unaoisukuma pistoni, hupinda, na safari huishia hapo. Omba kiti kifunguliwe au kifuniko cha ubavuni kitolewe, uone mdomo wa boksi la chujio la hewa uko kimo gani kutoka kwenye ekseli. Kadiri mdomo huo ulivyo juu na karibu na kiti ndivyo ulivyo salama. Tazama pia mipira midogo inayoning'inia chini ya kabureta. Kupitia mipira hiyo kabureta hupumua, na ncha zake zote zikizama injini huzimika katikati ya mto hata kama chujio la hewa bado ni kavu. Fundi yeyote anaweza kuunganisha mpira mmoja zaidi na kuupandisha hadi chini ya tangi, kazi ndogo na ya bei ndogo, nami ninaihesabu kuwa badiliko lenye faida kuliko mengine yote.

Kiki ni lazima. Stata ya umeme ni raha mjini, lakini betri ikilowa au ikiishiwa chaji ukiwa kati ya Kilosa kwa Mpepo na Londo, mguu wako ndio utakaokutoa.

Nafasi ya kwanza: Boxer BM 150

Najua wapo watakaoshangaa kuiona pikipiki ya bodaboda ikiwa mbele ya zile zilizotengenezwa kwa ajili ya porini. Sababu yake utaiona ukifika Malinyi. Wanaoivuka mito hiyo kila wiki, wakiwa na magunia ya mpunga, madumu ya mafuta na abiria, wengi wao wako juu ya Boxer au jamaa zake. Kwa hiyo penye kijiwe cha bodaboda hapakosi mtu mwenye waya wa klachi, plagi, tyubu, mkono wa breki au bolti ya ekseli ya pikipiki hiyo, na hapakosi kijana aliyewahi kuifungua injini yake chini ya mwembe na kuifunga ikawaka. Kipuri kilichopo kijijini kina thamani kuliko kipuri bora kilichobaki madukani Gerezani, Dar es Salaam.

Injini yake ni ya 144.8cc, hupozwa kwa hewa, na hutumia kabureta ambayo inaweza kusafishwa kwa petroli kidogo na waya mwembamba. Tangi lake huchukua kama lita 11, na kwenye lami lita moja hukupeleka zaidi ya kilomita 40; kwenye mchanga mzito na gia ndogo hesabu hiyo hushuka sana, kwa hiyo dumu la akiba la lita 5 halikwepeki. Uzito wake unazunguka kilo 120, ambao ndio uzito wa mtumbwi.

Haikutoka kiwandani ikiwa tayari kwa mto, na hilo lisemwe wazi. Iko chini kuliko pikipiki za porini, rimu zake ni za inchi 17 mbele na nyuma, shokapu zake zina mwendo mfupi, na bomba la moshi limepita chini. Katika nchi ya mawe makubwa ningeishusha daraja, lakini bonde la Kilombero ni nchi ya mchanga na tope, na humo kasoro hizo zinavumilika kama utafanya mabadiliko machache kabla ya kuondoka. Badilisha tairi zote mbili uweke za kashata kubwa. Tairi laini za mjini ndiyo sababu ya kwanza ya watu kuanguka ndani ya maji, kwa kuwa mto wenyewe mara nyingi unavukika na kinachoshindikana ni kupanda ukingo wa pili wenye tope. Weka sproketi ya mbele (gia ndogo inayovuta mnyororo) yenye jino moja pungufu ili pikipiki iweze kutambaa kwa gia ya kwanza bila wewe kuchezea klachi. Pandisha mpira wa kabureta kama nilivyoeleza. Paka grisi kwenye kofia ya plagi na kwenye viunganishi vya nyaya. Mwisho, funga keria ya chuma iliyochomelewa vizuri, kwa kuwa zile nyembamba hukatika kwenye matuta ya barabara za magari ya mbao.

Breki za ngoma zina tabia moja unayopaswa kuizoea: zikiingia maji hazishiki. Ukitoka mtoni endesha taratibu huku umezigusa kidogo, mita 100 au 200, mpaka zipate joto na kukauka. Baada ya siku kadhaa za mito zifunguliwe zisafishwe mchanga, la sivyo viatu vya breki vitasagika kabla hujafika.

Nafasi ya pili: Honda XR150L

Kwa ubora wa kuendesha, hii ndiyo pikipiki bora kuliko zote zilizomo humu. Gurudumu la mbele ni la inchi 19, iko juu vya kutosha kupita magogo na mawe ambayo Boxer ingeyagonga kwa tumbo, shokapu zake zina mwendo mrefu, tangi ni la lita 12, injini ni ya 149cc inayopozwa kwa hewa, kabureta ipo na kiki ipo. Uzito wa kilo 129 bado ni wa kubebeka. Mtu ataketi juu yake siku nzima bila mgongo kumlalamikia, na kwenye mto wenye mawe gurudumu kubwa la mbele hupanda pale ambapo dogo hugonga na kugeuza usukani.

Kinachoiweka nyuma ya Boxer ni upweke wake. Ikivunjika mkono wa klachi Malinyi hutapata mwingine, na kinachoazimwa kutoka pikipiki nyingine si lazima kikae. Hivyo anayeichagua abebe vipuri vyake kutoka Dar: waya wa klachi na wa mafuta, mikono miwili ya usukani, plagi mbili, tyubu za mbele na za nyuma kwa kuwa saizi zake hazilingani, chujio la hewa, na seti moja ya viatu vya breki ya nyuma. Mnyororo ni wa saizi 428 kama pikipiki nyingi ndogo, kwa hiyo kiungo cha kuungia kitapatikana hata kijijini. Msafiri mwenye vipuri hivyo, na hasa anayesafiri na mwenzake mwenye pikipiki ya aina hiyohiyo, anaweza kuipandisha hii hadi nafasi ya kwanza nami sitabishana naye. Bei yake ni kubwa kuliko ya Boxer, na tofauti hiyo lazima uihesabu pamoja na gharama ya vipuri vya kubeba.

Nafasi ya tatu: TVS HLX 150

Karibu kila nilichosema kuhusu Boxer kinaihusu na hii: uzito, kabureta, mafundi wanaoijua. Kama bei uliyoipata ni nzuri na kijiwe cha kwenu kimejaa TVS, nunua bila wasiwasi na uifanyie mabadiliko yaleyale.

Nafasi ya nne: Yamaha AG na DT, na Honda XL, zilizokwisha kutumika

Hizi ndizo pikipiki ambazo mabwana shamba, wahudumu wa afya na maofisa wa miradi walizungukia nchi hii kwa miaka mingi, na nyingi huishia kwenye minada ya serikali na ya miradi, baadhi zikiwa bado na alama za namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili. AG200 ina injini ya mipigo minne, keria mbele na nyuma, stendi za pembeni pande zote mbili ili isimame hata ardhi ikiinama, na mnyororo wake umefunikwa wote ndani ya kasha, jambo ambalo katika mchanga wa mtoni huongeza maisha yake kwa kiasi kikubwa. Iliundwa kwa ajili ya shamba na inajua kazi yake. AG100 na DT125 ni za mipigo miwili, nyepesi na zenye kishindo, lakini hunywa mafuta zaidi na huhitaji oili yake maalumu, ambayo usitegemee kuipata vijijini. Mipigo miwili ina udhaifu mwingine mtoni: hewa yake hupita ndani ya kasha la kranki kabla ya kufika kwenye silinda, kwa hiyo maji yakiingia hufikia beringi za kranki moja kwa moja, na yasipotolewa siku ileile kutu huanza. Honda XL125 ni ya mipigo minne na ni ngumu kuiua, ila iliyo katika hali nzuri ni nadra.

Ningeziweka juu zaidi kama umri wake usingekuwa mkubwa. Ukiamua kuinunua moja, usiangalie rangi, rangi hupakwa. Fungua kifuniko cha oili na utazame: oili iliyogeuka nyeupe kama chai ya maziwa inasema kuwa maji yaliingia, na muuzaji anayekuambia kuwa ni ukungu wa asubuhi muage kwa heshima. Fungua viunganishi vya nyaya chini ya tangi na utafute kutu ya kijani. Gonga spoku moja moja kwa spana, zile zinazotoa sauti butu zimelegea au zimeoza kwenye rimu. Inua gurudumu la mbele, lishike juu na chini ulitikise, kisha lizungushe ukiwa umeweka kiganja kwenye ekseli. Mkwaruzo utakaousikia mkononi ni mchanga ndani ya beringi. Mwishowe omba iwashwe ikiwa baridi kabisa, wewe ukiwepo. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika ana jambo analolificha.

Nafasi ya tano: za Kichina zenye umbo la porini

Madukani Kariakoo zimejaa pikipiki zenye madigadi ya juu, tairi za kashata na rangi za mashindano, kwa bei inayovutia. Baadhi zinafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyozisema, hasa zile ambazo injini yake ni ya muundo uleule wa pikipiki za bodaboda, kwa sababu vipuri vyake vya ndani vinapatikana. Tatizo liko kwenye vitu vinavyoizunguka injini: spoku, beringi, nyaya za umeme, na bolti zinazolegea zenyewe. Ukinunua, mpe fundi siku nzima aifungue, aweke beringi mpya zenye vifuniko vya mpira, na akaze kila bolti. Ukijumlisha gharama hiyo, pengo la bei kati yake na Boxer hupungua sana.

Nafasi ya sita: Honda CRF250L na zinazofanana nayo

Ni pikipiki nzuri mno kwa anayeweza kuihudumia. Gurudumu la mbele ni la inchi 21, nguvu inatosha na kuzidi, na barabara ya lami ya zaidi ya kilomita 400 hadi Ifakara itaimaliza bila kuchoka. Lakini haina kiki, hupozwa kwa maji, uzito wake umepita kilo 140, tangi lake halifiki lita 8, na mafuta huingizwa kwa pampu ya umeme badala ya kabureta. Petroli utakayoipata baada ya Malinyi inauzwa kwenye madumu na chupa, na nyingine imechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Kabureta iliyoziba husafishwa barabarani, ilhali pampu iliyokufa hubebwa na lori. Mwenye msafara wenye gari la kusindikiza anaweza kuichagua, asiye na gari aipite.

Pikipiki kubwa za kusafiria, zile za kilo 200 na zaidi, sizipi nafasi. Kwa Dar hadi Mbeya hazina mpinzani. Kwenye tope la Furua, huko Malinyi, ikilala upande mmoja ukiwa peke yako, utasubiri mpaka apite mtu.

Fedha iliyobaki

Ukinunua pikipiki ya chini ya bajeti yako, kama ninavyopendekeza, kilichobaki kina kazi. Nunua kofia ngumu inayofunika kidevu na buti zinazopita kifundo cha mguu, kwa kuwa jiwe la mtoni huvunja kidole bila taabu. Nunua kamba ya manila ya mita 20, pampu ya mkono, viraka na gundi, spana za saizi za pikipiki yako pamoja na ile ya plagi, na oili ya kutosha kubadilisha mara moja njiani. Spana ya plagi iwekwe mahali mkono unapofika bila kupekua mzigo, kwa sababu injini ikizima ndani ya maji hutakiwi kugusa stata wala kiki. Isukume hadi nchi kavu, toa plagi, geuza swichi izime, piga kiki taratibu mara nyingi mpaka maji yaache kuruka kwenye tundu, angalia chujio la hewa na rangi ya oili, ndipo urudishe plagi na kujaribu kuwasha.

Mto wenyewe upimwe na wenyeji kwanza. Kilombero na mito inayoulisha ina mamba na viboko, kwa hiyo mazoea ya kuvua viatu na kutembea ndani kupima kina hayafai mahali ambapo hujauliza. Wavuvi na bodaboda wa eneo hilo wanajua kivuko cha leo, ambacho huenda sicho cha mwezi uliopita. Wakikwambia maji yako chini ya ekseli, pita kwa gia ya kwanza na mwendo ule ule bila kusita. Yakifika magotini na yana kasi, zima injini na uisukume ukiwa upande ambao maji yanatokea, ili mkondo usije ukakuangushia pikipiki juu yako. Yakizidi hapo, tafuta mtumbwi.

Kuhusu karatasi, hakikisha kadi ya pikipiki imebadilishwa jina TRA kabla hujatoka mjini, hasa kwa iliyonunuliwa mnadani, na kwamba bima iko hai. Injini inayozidi 125cc inahitaji leseni ya daraja A. A1 inaishia 125cc, kwa hiyo Boxer ya 150 haimo. Pikipiki haziruhusiwi kuingia kutembea ndani ya hifadhi za taifa, ingawa barabara kuu inayokatiza Mikumi ni ya wote, na kwa njia zinazopita kwenye mapori ya akiba uliza kwanza ofisi za TAWA, mamlaka ya wanyamapori.

Pikipiki mpya isitoke dukani ikaenda porini moja kwa moja. Iendeshe kwanza Bagamoyo, uzunguke Msata na Chalinze hadi kurudi Dar, kwa mwendo wa kupandisha na kushusha, bila kuilazimisha. Ukirudi badilisha oili ya kwanza, ambayo ndiyo inayobeba vumbi la chuma la injini mpya, kaza spoku na bolti zote, na upime mnyororo ukiwa na mzigo kamili juu ya keria, ule ule utakaoondoka nao.